Bolti ya Chini

"Mama Wakesho, kwani gari yenu hula sabuni?"

Syombua aliuliza hivyo asubuhi moja ya mwaka wa sabini na nne, ameegemea ua wa mabati uliozitenga nyumba zao kule Voi, mswaki wa mti ukiwa bado mdomoni. Mumewe, Mulei, alikuwa mtu wa reli. Syombua mwenyewe alikuwa Mkamba asiyejua kumeza neno likishamfika kwenye ulimi. Alikuwa amemwona Zephaniah, mume wa jirani yake, ameinama ndani ya boneti ya pikapu yake, anasugua kitu kwa kipande cha sabuni kama mtu anayefua soksi.

"Hula," Tryphena akamjibu. "Na haishibi."

Wakacheka. Lakini Tryphena alipogeuka kurudi jikoni kicheko kilimwisha, kwa sababu ule mche wa sabuni aliununua yeye, na siku ile alikuwa na nguo za kufua na hana cha kufulia.

Mkanda wa feni ulikuwa umechakaa. Kila asubuhi Zephaniah Mwandawiro alipoiwasha ile pikapu yake ya Pijo, mkanda ulipiga yowe hadi kuku wakaruka ua, na majirani wakajua Mwandawiro anaondoka. Akiupaka sabuni ulinyamaza, ukamfikisha barabarani na abiria wake wa Mwatate, kisha ukaanza tena. Tryphena alimwambia zaidi ya mara moja anunue mwingine. Zephaniah alijibu kwamba gari ni lake na masikio ni yake.

Tryphena hakubishana. Wakati ule alikuwa na jambo moja tu moyoni, nalo hakutaka liharibiwe na maneno madogo. Jumapili iliyokuwa inakuja, Askofu angepanda Wundanyi kubariki ndoa za watu waliooana kimila, na jina lake lilikuwamo.

Alikuwa amekaa kwa Zephaniah tangu kabla ya Wakesho kuzaliwa, na sasa binti yao huyo alikuwa msichana wa sekondari, analala shuleni. Mahari ya kwao ililiwa ikaisha. Kwa watu wa nyumbani alikuwa mke wa mtu. Kanisani, ilipofika saa ya Meza ya Bwana, ambayo asiyebarikiwa ndoa haikaribii, alikuwa mtu wa kukunja magoti. Wenzake waliinuka kwenye benchi kwenda mbele, naye akayavuta magoti upande ili wapite, wakienda na wakirudi. Hata vitoto vilivyopata kipaimara mwaka uliotangulia vilimpita hivyo, na kimoja kilimkanyaga kidole kikasema, "Pole, mama," kwa sauti ya huruma iliyomuuma kuliko kidole.

Miaka yote hiyo Zephaniah alisema, "Mwakani." Kisha baba yake Tryphena akaugua ugonjwa wa kufa. Akamwita mkwewe kitandani, akamshika mkono, akamwomba amsimamishe binti yake mbele ya Mungu kabla hajazeeka. Zephaniah akaitikia. Mzee akazikwa, tangazo likasomwa kanisani mara mbili, na mara zote mbili Zephaniah alikuwa amekaa upande wa wanaume, akatikisa kichwa watu walipogeuka kumtazama. Tangazo la tatu lingesomwa siku yenyewe.

Siku ya Jumatano Zephaniah alirudi nyumbani kwa miguu.

"Gari iko wapi?" Tryphena akamuuliza.

"Vijana wa mkonge wananisukumia, wako nyuma. Mkanda umekatika." Akavua kofia, akaketi, akajipepea. "Basi, mambo ya Jumapili ndiyo hivyo tena."

"Hivyo vipi, Baba Wakesho?"

"Tutapandaje Wundanyi? Kwa mabawa?"

"Kuna basi ya asubuhi."

"Basi!" Akatazama pembeni kana kwamba kuna mtu mwingine wa kushangaa naye. "Mimi ninayebeba watu wote wa Mwatate na Dembwa, nifike mbele ya Askofu nimepakata kuku wa mtu? Na suti? Waseme Mwandawiro kafilisika siku ya harusi yake?"

"Basi tununue mkanda mwingine."

"Voi haupo, nimeuliza. Mpaka Mombasa. Na mimi siwezi kwenda, nina shughuli."

"Nitakwenda mimi."

Zephaniah akaacha kujipepea. "Wewe? Utaomba mkanda wa namna gani? Namba iliyoandikwa mgongoni ilishafutika."

"Nitaubeba ule uliokatika niwaonyeshe."

"Nimeutupa."

"Umeutupa wapi?"

"Nitajua? Huko njiani, pale reli ya Taveta inapokata barabara. Ni takataka, mama, ungetaka nije nayo mfukoni?"

Alfajiri ya Alhamisi Tryphena alishika njia ya Mwatate kwa miguu, akipita kando ya mashamba ya mkonge, macho chini. Vibarua waliokuwa wakikata mkonge walimwona anapekua nyasi kwa kijiti, wakamfanyia mzaha. "Mama, umeangusha bwana?" mmoja akapaza sauti. Akaendelea kupekua. Alipouona, ulikuwa umelala kando ya reli, mweusi, nyuzi zimetoka nje kama utumbo, akaurukia kwa mikono miwili. "Huyo nyoka alishakufa, mama! Mwache azikwe!" Wakaangua kicheko. Tryphena akaukung'uta mchanga, akautia kikapuni, akamshukuru Mungu kwa sauti ya chini.

Pesa alizokwenda nazo Mombasa zilikuwa za kitambaa. Alikuwa amesuka vikapu tangu mvua za vuli, akauza kwa wasafiri pale stesheni, akanuia gauni jeupe la siku ile. Alizifungua kutoka pindo la leso usiku wa Alhamisi, akazitazama, akazifunga tena. Gauni lake la zamani halikuwa limetoboka.

Ijumaa, katika duka la vipuri Mombasa, walikuwa wanaume watupu. Kijana wa kaunta alipomsikia anataka mkanda alimtazama kuanzia leso hadi malapa. "Mama, mikanda ya suruali iko mtaa wa pili."

"Nataka wa gari."

"Gari gani?"

"Pijo."

"Pijo gani?"

"Ya bwana yangu," akasema, na duka zima likacheka, hata mtu aliyekuwa ameinama anatafuta nati sakafuni akainua kichwa ili acheke vizuri.

Mwenye duka, Mhindi mzee, alitoka nyuma akautwaa mkanda mbovu, akaupitisha kati ya vidole na kuunusa. "Nani anapaka hii sabuni?"

"Bwana yangu."

"Mwambie sabuni ya nguo. Sabuni nakula mpira, nakula namba." Akamuuliza gari ni pikapu au la, akauliza na mwaka. Tryphena aliujua mwaka, kwa sababu ndio mwaka walipouza ng'ombe kuinunua. Mzee akashusha mkanda mpya ukiwa ndani ya karatasi. Akaukunja ule wa zamani ncha kwa ncha, akaulaza kando ya mpya. Wa zamani ulizidi. "Usiogope. Huyu nimevutika, nimekuwa mrefu kama uongo. Mpya iko fupi, lakini naingia. Umesikia, mama? Naingia."

Alirudi Voi jioni ile amekumbatia kikapu kifuani, na ndani ya basi alisinzia akaota magoti yake hayakunjiki.

Siku ya Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Zephaniah alifungua boneti uani. Hakutaka fundi, alisema mafundi wa Voi wakigusa gari huacha kitu kibovu makusudi ili urudi. Gibson, rafiki yake wa tangu shule, alikuja kutazama akaketi juu ya ndoo. Mulei naye alikuwa hana zamu, akaruka ua. Wanaume hawawezi kuona boneti wazi wakapita. Tryphena alipewa kikopo cha kushikia nati, kama alivyopewa mwaka juzi mkanda wa kwanza ulipobadilishwa papo hapo uani.

Zephaniah alilegeza bolti ya juu ya dainamo, akaisukuma dainamo kwa kiganja. Haikusogea. Akauvisha mkanda puli ya chini, lile gurudumu linalozungushwa na injini, akaupitisha kwa feni, akauvuta kuelekea dainamo. Ulikwama, umepungua upana wa vidole viwili. Akavuta tena, akatukana, akaunyofoa.

"Mfupi," akasema, na sauti yake haikuwa na uchungu wowote.

"Wamemuuzia wa cherehani," Gibson akasema.

"Cherehani gani! Huu ni wa kiuno." Zephaniah akaunyanyua mkanda juu wote wauone. "Nimetuma mwanamke mkanda, kaniletea mshipi. Hebu simama, Mama Wakesho, nikupime. Usiogope, simama wima!" Akamzungushia kiunoni, mbele ya wanaume, mafuta ya mikono yake yakachora gauni. "Unaona? Kipimo chake kabisa. Kesho utauvaa kanisani, Askofu akuulize ni mshipi wa chama gani cha akina mama."

Gibson alicheka mpaka ndoo ikalia. Mulei alicheka kidogo, kisha akatazama viatu vyake. Tryphena alisimama na kikopo chake mkononi. Alikuwa mwanamke wa kutazama. Wengine wakiaibishwa hufumba macho; yeye yake hufunguka zaidi. Na kwa kuwa hakutaka kumtazama mumewe usoni wala kumtazama Gibson, alitazama ndani ya injini.

"Baba Wakesho," akasema, "na bolti ya chini?"

"Bolti gani?"

"Ile inayoishika dainamo kwa chini. Mwaka juzi ulilegeza zote mbili. Ulinipa ya juu nikashika, kisha ukaingia chini ya gari na spana nyingine. Ndipo dainamo ikaja ndani."

Kicheko cha Gibson kilikatikia njiani. Mulei akainama juu ya injini, akatia kidole. "Ni kweli, bwana. Ya chini bado imekazwa. Hata vumbi lake halijaguswa."

"Nilikuwa nakuja huko," Zephaniah akasema. "Mnanikimbiza kama mnalipa."

Akatafuta spana. Haikuwa mbali, ilikuwa mbele yake, chini ya kitambaa alichofutia mikono, na Tryphena alimwona anavyoifunua pole pole kama mtu anayejua tangu mwanzo kilichofunikwa pale. Akaingia chini ya gari. Alipotoka, dainamo ilienda kwa kidole kimoja. Mkanda ukaingia puli zote tatu bila kulazimishwa. Kilichobaki ni kuivuta dainamo nje ili mkanda ukaze, na kwa kuwa hapakuwa na nondo, Tryphena alileta mwiko wa ugali. Zephaniah akaikaba dainamo kwa mwiko, Mulei akakaza bolti, wakaubonyeza mkanda kwa gumba, Mulei akasema sawa.

Gari likawashwa. Hakuna kilichopiga yowe. Injini ilinguruma kwa adabu, na upande wa pili wa ua Syombua akapiga vigelegele. "Imeacha kulia! Mama Wakesho, kesho ni kesho!"

Gibson alisema amekumbuka kitu dukani akaondoka haraka. Zephaniah alizima gari, akaenda kwenye karai, akanawa mikono, akanawa tena, akaendelea kunawa maji yakiwa meusi zaidi ya mikono.

Tryphena alimtazama kutoka mlangoni. Aliukumbuka ule mkanda kule majanini kando ya reli, na jinsi ulivyotupwa mbali na barabara, mbali kuliko mtu anavyotupa takataka. Akaelewa kwamba mumewe hakuwa ameshindwa na kazi ile. Alikuwa anakataa, na alitaka chuma kikatae kwa niaba yake.

Hata hivyo alitia makaa kwenye pasi. Jua lilikuwa halijashuka, na suruali ya suti ilihitaji kunyooshwa. Alitandika blanketi mezani akaanza na mguu mmoja, akifuata mkunjo kuanzia juu kwenda chini. Zephaniah aliingia akaketi upande wa pili wa meza.

"Tryphena."

Kwa kawaida alimwita Mama Wakesho. Jina lake la ubatizo alilitumia kukiwa na msiba.

"Naam."

"Kesho sitapanda Wundanyi."

Tryphena aliisukuma pasi mpaka mwisho wa mguu wa suruali. "Mkanda si umefungwa?"

"Umefungwa." Akajikuna shingo. "Nilidhani gari itanisemea."

"Ikusemee nini?"

"Kaka zangu wamekaa kikao. Wanasema tuna Wakesho peke yake, na Wakesho ni wa kuolewa. Shamba la Mwandawiro lirithiwe na nani? Na walisema nisijifungie mlango kanisani." Akayatoa yaliyobaki kwa mkupuo, kama mtu anayemeza kwinini. "Kuna mtu Mboghoni, upande wa Taveta. Wao ndio walimtafuta. Kifu kimeshapelekwa, na kimepokelewa."

Kifu ni ule mtamba wa kwanza wa mahari. Ukishaingia zizini kwa wazazi na wasiurudishe, msichana amepata mwenyewe. Hakuna Mdawida, mtu wa milima ya Taita, asiyejua hilo, na Tryphena hakuhitaji kuelezwa.

"Kilipelekwa lini?"

"Wakati wa mavuno."

Tryphena alikumbuka asubuhi moja ya wakati wa mavuno. Pikapu ilirudi imejaa mavi nyuma, Zephaniah na Gibson wamevaa makoti, wamechoka. Aliambiwa walimsafirishia mtu ng'ombe. Yeye ndiye aliyechota maji, akapanda nyuma, akasugua mabati kwa ufagio na kwa mikono hadi yakang'aa, na alipompa Gibson chai, Gibson aliinywa akitazama ukuta.

"Nilisafisha mavi yake," akasema.

"Ya nani?"

"Ya kifu. Nilipiga magoti ndani ya gari nikayasugua."

"Sasa ningekwambia nini? Ningekwambia usisafishe?"

"Na kanisani? Wamelisoma jina lako mara mbili. Ulikuwa umekaa pale, unatikisa kichwa."

"Baba yako alinishika mkono, Tryphena. Mtu anakufa, utamwambia hapana?"

"Na mimi niliye hai?"

Zephaniah aliangalia mikono yake, ambayo bado ilikuwa na weusi kwenye kucha. Hakuwa mtu wa kupiga. Wanawake wengi pale mtaani walimwambia Tryphena ana bahati kwa hilo, na yeye mwenyewe alikuwa amemshukuru Mungu kwa hilo.

"Wewe ni mke mkubwa," akasema. "Hakuna atakayegusa chungu chako. Lakini nikifungwa na wewe mbele ya Askofu, halafu nimlete huyu, hiyo si itakuwa dhambi? Mimi sitaki kumdanganya Mungu."

"Umeanza lini kumwogopa?"

"Usiwe na ulimi wa Syombua."

"Jina langu litasomwa kesho, Baba Wakesho. Watu watageuka kututafuta."

"Tuma mtu aseme nimeugua."

"Hukuugua."

"Basi nenda mwenyewe, ukamweleze padre vile utakavyo. Mimi sikukatazi. Nimewahi kukukataza kanisa?" Sasa alikuwa amekwisha kusema lililomlemea, na sauti yake ilianza kupata nguvu, hata ukarimu. Alinyoosha miguu chini ya meza. "Tena usihangaike na nauli. Wazee wa Mboghoni wananingoja tangu juzi, gari ndiyo ilikuwa inanikawiza, na sasa ni nzima. Tutatoka pamoja alfajiri. Nitakushusha pale Mwatate, njia panda, upande na basi la Wundanyi. Mimi nishike ya Taveta. Si ni njia moja mpaka hapo?"

Tryphena aliinua pasi akaisimamisha juu ya kisahani chake. Mguu mmoja wa suruali ulikuwa umenyooka, mwingine ulikuwa na makunyanzi yake yote. Akaenda chumbani. Zephaniah alimsikia akifungua sanduku, akisogeza kitu, akifunga. Alirudi amejifunga kitambaa kichwani, viatu vya kanisani viko mkononi, Biblia iko kwapani.

"Basi la leo si limeshaondoka?" Zephaniah akamuuliza. "Tryphena. Na huu mguu mwingine?"

Alipita kati ya meza na kiti chake. Zephaniah hakuwa amevuta miguu, naye hakungoja aivute; aliiruka. Akateremka uani, akapita kando ya gari bila kuligusa, akafungua geti la mabati. Syombua alikuwa anaanua nguo kwake. Alimwona, akafungua mdomo kuuliza, akaufunga. Tryphena akatoka, akashika kwa miguu njia ya Mwatate, ile inayopanda mpaka Wundanyi.